Taa Pacha za Msoma Mita

Kuna jambo moja ambalo fundi hakuwahi kulipatia jibu. Mengine yote alijaribu kuyaeleza, na mengine aliyaeleza vizuri kiasi cha kulala usingizi. Mngurumo ulioanza kabla santuri haijawekwa ulitokana na kapasita iliyochoka ndani ya mashine. Kile kikohozi kilikuwa mkwaruzo kwenye santuri. Harufu nayo ilikuwa ya vumbi linaloungua juu ya kioo cha moto. Hata kukonda kwa shemeji yake alikueleza, maana watu hukonda wakifiwa.

Lakini kiti.

Kiti kilikuwa na joto. Si joto la chumba, wala la jua lililopita dirishani. Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi kwenda kufungua mlango. Na kilikuwa hakijakaliwa kwa miezi minne.

Ilianza kwa kazi ndogo. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya ghala la mbao, fundi anapanga bisibisi zake ili afunge, ndipo binti wa kaka yake akasimama mlangoni. Binti alitokea kazini, kwenye duka la dobi anakopiga pasi, na nguo zake zilinukia mvuke.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kuliko hayo mashati unayoyanyoosha?"

Hakucheka. "Mama anakuita. Leo ameiwasha ile mashine ya baba. Inakoroma."

"Inakoroma vipi?"

Binti aliangalia barabarani kwanza. "Kama yeye."

Fundi alitia vifaa kwenye mkoba. Kisha, bila kufikiri sana, akavuta droo ya chini na kutoa soksi moja ya kijivu iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kitu cha kioo.

*

Kaka yake alikuwa msoma mita za maji. Miaka ishirini na sita alipita nyumba kwa nyumba, akifunua vifuniko vya chuma, akipiga magoti kwenye matope, akikimbizwa na mbwa ambao aliwajua kwa majina. Jioni alirudi miguu imevimba, akaipaka dawa ya kuchua yenye kafuri, akaketi kwenye kiti chake mbele ya amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti ya santuri. Hapo hakusemeshwa na mtu.

Haikuwa amplifaya ya siku hizi. Ilikuwa ya zamani, ya vile vichupa vya kioo ambavyo mafundi wakongwe huviita taa. Yeye na fundi waliiokota kwenye jumba la sinema lililokuwa linabomolewa, wakaifufua pamoja, kaka akishika kurunzi na mdogo akilehemu. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, ilikula umeme, na ukiiwasha haikusema kitu. Ilibidi usubiri. Kwanza nyuzi ndani ya vioo zilipata wekundu hafifu, kama makaa yaliyopulizwa na mtu asiye na haraka. Halafu harufu ya vumbi la moto. Dakika nzima ikapita. Ndipo sauti ikaja, na ikija hukuisikia kwa masikio tu. Gitaa lilikuwa na mbao ndani yake. Mwimbaji alikuwa na mate mdomoni. Ulijua alisimama wapi, ulijua alivuta pumzi lini.

"Redio za siku hizi, mdogo wangu, zinakuimbia huku unaosha vyombo," kaka alizoea kusema. "Hii inakukalisha kitako."

Wiki ya mwisho, hospitalini, kaka alimpa fundi ile soksi. "Taa ya akiba," alisema. "Niwekee. Nitaihitaji."

Fundi alidhani anamaanisha akipona.

*

"Karibu, shemeji," mjane alimwambia mlangoni. "Kitambi kimeshafika, tunakusubiri wewe."

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu mazishi, na fundi alifurahi kuusikia. Aliingia. Sebule ilikuwa vilevile: rafu ya santuri, spika moja kubwa pembeni, kiti cha kaka chenye mikono ya mbao, na kigoda cha shemeji ubavuni mwake. Fundi akatua mkoba kwenye kiti.

"Si hapo," shemeji alisema haraka.

Akauinua. Kiganja chake kikagusa mto wa kiti.

Joto.

Akaugusa tena, kwa makusudi. Alimtazama shemeji yake, naye alikuwa anatazama pembeni, kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo la adabu.

Fundi alijificha kwenye kazi. Alifungua kifuniko cha nyuma na kuona tatizo papo hapo. Kwenye amplifaya ile taa kubwa zilikuwa mbili, zimesimama bega kwa bega. Zilifanya kazi kwa zamu, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, kama watu wawili walioshika msumeno mmoja. Taa iliyo nzima huwa na doa jeusi linalong'aa kileleni, mithili ya kofia. Moja ilikuwa nalo. Ya pili kofia yake ilikuwa imegeuka nyeupe tupu, mfano wa jicho lililofunikwa na mtoto wa jicho. Hewa ilikuwa imeingia. Ilikuwa imekufa.

"Iliharibika lini?"

"Sijui. Sikuiwasha tangu siku ile." Alimaanisha siku ya msiba. "Leo nilisema niwashe nisikie kidogo tu."

Kwa mafundi wa taa kuna sharti moja ambalo hata mwanafunzi hulijua. Taa pacha haibadilishwi moja. Ikifa moja unazitoa zote mbili, unaweka mbili zilizotoka kiwandani siku moja, zenye nguvu sawa. Ukimpa mchovu mwenzi mwenye nguvu, mmoja atamla mwingine. Kaka mwenyewe ndiye aliyemfundisha hilo.

"Shemeji, nikupe wiki mbili. Nitatafuta jozi."

"Hiyo soksi ina nini?"

Alikuwa ameitambua. Bila shaka aliitambua, ndiye aliyekuwa akizifua.

"Ni moja tu. Haifai kuweka moja."

"Itawaka?"

"Kuwaka itawaka."

"Basi weka, baba. Weka nisikie wimbo mmoja. Nyumba hii imekuwa kimya mpaka nasikia meno yangu."

Ungekuwa wewe, ungesemaje? Fundi alifungua fundo, akaifuta taa kwa shati, akaichomeka mahali pa ile iliyokufa. Akawasha.

Wakasubiri. Wekundu ukapanda polepole kwenye vioo viwili. Shemeji alichagua santuri kwa kupapasa, bila kusoma jina, akashusha sindano.

Kwanza kukawa na mngurumo. Kisha gitaa. Ilikuwa sauti ileile ya jioni zote zile, ya vuguvugu, iliyojaa chumba mpaka kwenye pembe za dari. Kipo kipande kwenye wimbo ule ambapo vyombo vyote hunyamaza kidogo kabla ya tarumbeta. Kaka alikuwa na mazoea pale. Alisafisha koo, halafu akagonga mkono wa kiti mara mbili kwa kidole.

Vyombo vikanyamaza.

Khm...

Ngo. Ngo.

Tarumbeta ikaingia.

Na harufu ya kafuri ikapita puani mwa fundi, nyepesi, kama mtu aliyenyoosha miguu.

"Umesikia?" shemeji alinong'ona.

"Nini?"

Alitabasamu. Miezi minne hakuwa ametabasamu. "Basi," alisema.

*

Baada ya wiki tatu binti alikuja tena dukani. Safari hii aliketi bila kukaribishwa.

"Baba mdogo, mama anakwisha."

"Anaumwa nini?"

"Hospitali wamempima damu mara mbili, wamempa vidonge vya kuongeza damu, wamemrudisha. Wanasema hana kitu." Alizungumza akiangalia viganja vyake. "Ni baridi. Kila jioni anakaa na ile mashine, na kila akiinuka anakuwa baridi zaidi. Namnyooshea shuka kwa pasi kabla hajalala, ili alale kwenye joto. Asubuhi naligusa shuka liko kama mfuniko wa kisima."

"Anasikiliza mpaka saa ngapi?"

"Hasikilizi. Wanazungumza."

"Nani na nani?"

Binti aliinuka akaondoka.

Fundi alifunga duka mapema. Alimkuta shemeji kwenye kigoda, amejifunga shali mbili. Mkono aliomsalimia nao ulikuwa mwepesi, wa baridi ya chuma kilichoachwa nje. Muziki ulikuwa unaendelea, na ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Ulikuwa mzuri kuliko ulivyowahi kuwa, sauti imenenepa, imeshiba.

Aliinama nyuma ya mashine. Taa ya kaka, ile ya kwenye soksi, iliwaka wekundu wa kung'aa. Mwenzake ilikuwa hafifu. Kofia yake nyeusi ilikuwa imekwisha, na weupe ulikuwa umeshuka kutoka kileleni hadi katikati ya kioo, umekatika sawasawa kama maji kwenye glasi.

Haiwezekani, fundi alijiambia. Hewa ikiingia kwenye taa, taa hufa siku hiyohiyo. Haingii nusu ikasubiri.

Alitoa kalamu ya wino mzito, akachora mstari mwembamba kwenye kioo, pale weupe ulipokoma. Kesho yake jioni akarudi. Mstari ulikuwa umebaki juu. Weupe ulikuwa umeshuka upana wa kidole.

Kilichobaki kilikuwa vidole viwili.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "niruhusu nizitoe."

"Utoe nini?"

"Unajua. Mimi ndiye niliyekosea. Niliweka moja. Inakula nyingine."

Alimtazama kwa upole, kama anayemtazama mtoto aliyechelewa kuelewa. "Na unadhani sijui? Mimi ndiye ninayekaa hapa." Akavuta shali. "Usinifanye mjane mara mbili."

"Una mtoto."

"Ana miaka kumi na tisa. Ana kazi. Ana baba mdogo." Kisha, kwa sauti ndogo sana: "Hajui bado kwamba amekufa, shemeji. Anaulizia viatu vyake vya kazi. Nimwambie mimi?"

Ngo. Ngo.

Fundi hakugeuka kutazama kiti.

*

Familia ilikuwa ndogo, kwa hiyo kikao kilikuwa cha watu watatu: fundi, binti, na bibi yake, mama mzazi wa fundi na marehemu. Bibi alikuwa kiziwi kwa miaka sita. Alizungumza kwa kupiga kelele, kama watu wengi wasiojisikia, na ukitaka kumjibu ulimwandikia kwenye kipande cha katoni kwa herufi kubwa.

Fundi aliandika yote. Iligharimu katoni mbili. Bibi alisoma kwa miwani, midomo ikicheza, kisha akaziweka chini.

"Hiyo taa itolewe!" alisema, na kuku wa jirani wakashtuka. "Kesho."

Fundi akaandika: HATAKUBALI.

"Nani anamwomba? Mwanangu nilimleta mimi, nitamtoa mimi. Ninyi mna masikio, ndiyo shida yenu. Mimi atanibembeleza na nini?"

Binti alicheka kidogo, akaziba mdomo. Ilikuwa mara ya mwisho fundi kumsikia akicheka.

Fundi aliandika katoni ya tatu kwa uangalifu. KWANZA ZIMA SWICHI YA NYUMA. SUBIRI ZIPOE. NDIPO UTOE. Alieleza na sababu: ukichomoa moja ikiwa ya moto, mzigo wote wa wawili unamwangukia aliyebaki. Alimpa bibi katoni ile, bibi akaikunja na kuiweka kifuani.

Hakumwonyesha binti. Kwa nini amwonyeshe? Haikuwa kazi yake.

*

Kesho yake, jua likiwa linashuka, bibi aliingia sebuleni na mkongojo wake. Fundi nyuma yake. Shemeji alikuwa kwenye kigoda, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, santuri inazunguka. Aliwaona, akabaki ameketi. Labda alikwisha kujua. Labda hakuwa na nguvu.

Kwenye kioo kilibaki kama upana wa ukucha.

Bibi alizunguka mashine, akainama kwa shida, akanyoosha mkono kwenye swichi.

Vyombo vikanyamaza.

Khm...

Mkono wa bibi ukasimama hewani.

"Nani amekohoa?" aliuliza.

Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayejisikia, na nywele za fundi zikasimama. Miaka sita mama yake hakuwa amesikia mlango, mvua, wala kilio cha msiba wa mwanawe mwenyewe.

Ngo. Ngo.

Bibi alishuka chini taratibu, akaketi sakafuni karibu na kiti, akauegemeza uso wake kwenye mkono wa mbao. "Mwacheni," alisema. "Mwacheni amalize."

Sasa alibaki fundi. Alikwenda nyuma ya mashine. Kidole kilifika kwenye swichi, kikaihisi, ndogo, ya moto. Ilihitaji kusukumwa tu. Na tarumbeta ikaingia, na ikawa jioni moja ya zamani, kaka ameshika kurunzi, mdogo wake analehemu, wote wawili wananuka moshi wa risasi ya kulehemu, na kwa mara ya kwanza mashine inatoa sauti na wanatazamana kama wezi.

Nitazima wimbo ukiisha, alijiambia.

Wimbo mmoja tu.

Santuri ilikuwa na nyimbo tano upande ule. Fundi hajui alisimama pale kwa muda gani. Anakumbuka giza la jioni lilianza kuingia dirishani, na wekundu wa taa moja ulitosha kuonyesha nyuso zote: mama yake amefumba macho, shemeji yake ametikisika kidogo kwenye kigoda kama mtu anayesinzia. Anakumbuka kuutazama weupe ukikaribia chini ya kioo. Anakumbuka kwamba aliona. Wala hakutaka muziki ukome.

"Mama?"

Binti alikuwa mlangoni, na mfuko wake wa kazini begani. Muziki ule hakuwahi kuupenda. Tangu utotoni aliuita muziki wa watu wenye usingizi.

"Mama! Baba mdogo, mbona umesimama?"

Kidole cha fundi kilikuwa bado juu ya swichi.

Binti aliutupa mfuko, akavuka chumba kwa hatua tatu. Hakujua swichi iko wapi. Alijua taa ipi, kwa sababu kikaoni ilikuwa imeelezwa. Akaikamata kwa mkono mtupu.

Nyama ilichemka. Fundi alisikia.

Binti hakupiga kelele. Akavuta.

Muziki ukakatika, na taa iliyobaki ikawaka kwa ghafla, nyekundu, halafu njano, halafu nyeupe... kisha ikawa kioo tu, cheupe mpaka chini.

Kimya.

Binti alikuwa ameshika taa ya baba yake kifuani kama kifaranga. Shemeji aliinua kichwa. Alikitazama kiti kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akamtazama binti yake, na uso wake ukarudi kuwa wa mama, wa jikoni, wa asubuhi za shule.

"Mwanangu," alinong'ona. "Umeungua."

Akanyoosha mkono ili aushike ule ulioungua. Haukufika.

Fundi aliweka kiganja juu ya mto wa kiti. Kiti kilikuwa bado na joto. Lilipoa chini ya mkono wake, polepole, kwa muda uleule ambao taa ya moto huchukua kupoa.

"Mnasema nini?" bibi alipiga kelele kutoka sakafuni. "Mbona midomo inacheza? Mnasema nini?"

*

Kwenye cheti cha kifo cha shemeji daktari aliandika moyo. Hakuna aliyebisha. Mashine iko dukani kwa fundi, chini ya meza, imegeuziwa ukutani. Taa ya soksi iko kwenye droo ya chini, na droo hiyo hufunguliwa asubuhi tu, kama inafunguliwa.

Binti anaishi kwa bibi na bado anapiga pasi. Aliwahi kumuuliza fundi mara moja tu, akikunja shati la mteja: ingekuwaje kama angeanza kwa kuizima? Fundi alimjibu kwamba isingebadilisha kitu. Alimjibu haraka mno. Binti aliendelea kukunja.

Kwa hiyo ndugu wakiuliza, na ndugu huuliza, jibu ni moja. Uamuzi wa kuitoa ile taa ulikuwa wa bibi, na bibi hakatai. Na aliyeutekeleza ni nani? Fundi husema ni yeye. Husema hivyo mbele ya watu wazima, bila kupepesa jicho, na wengi humlaumu na wengine humhurumia.

Binti hukaa kimya, kiganja cha kulia amekikunja mapajani. Wakiliona kovu lake hudhani ni la pasi. Lakini pasi haiachi duara.